Taa za barabarani ni amana: Maposeni na maswali ya usiku

KATIKA mwezi wa Juni jua huzama Maposeni kabla kidogo ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na halichomozi tena hadi inapokaribia saa moja asubuhi. Ni usiku wa saa kumi na mbili na nusu, tena wenye baridi kali ya nyanda za Ruvuma. Sala ya Isha huingia giza likiwa limekwisha tanda, na Alfajiri huadhiniwa wakati mtu aliye hatua kumi mbele yako hujui ni nani. Kwa hiyo anayeitikia wito wa sala hizo mbili hutembea gizani. Vivyo hivyo muuguzi anayekwenda zamu ya usiku, mwanafunzi aliyechelewa masomoni, mama mwenye uchungu wa uzazi, dereva wa bodaboda anayetafuta abiria wa mwisho, na mkulima anayesindikiza gunia zake za mahindi katika msimu wa mavuno.

Usiku ni neema, hilo hatulibishani. Mwenyezi Mungu ameujaalia kuwa sitara na mapumziko, akaufanya mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Hata hivyo, haja za wanadamu hazimaliziki jua linapozama. Ugonjwa hauchagui saa, wala uzazi haungoji mapambazuko. Ndiyo maana leo tumeona tuizungumzie taa ya njiani, jambo ambalo wengi huliona dogo ilhali linagusa roho za watu. Tunalizungumza kwa kuitazama Maposeni, kata iliyo jirani na Peramiho katika Wilaya ya Songea, kwa kuwa mahali kama hapa ndipo maamuzi juu ya taa bado yanaweza kufanywa vizuri tangu mwanzo. Miji mikubwa imekwisha kuyafanya, mara nyingi vibaya, na sasa inalipa gharama ya kuyasahihisha.

Umeme umefika, je, mwanga?

Kwa miaka mingi Songea ilikuwa kisiwa katika ramani ya umeme ya Tanzania. Mji ulitegemea mitambo ya dizeli, na mafuta yalisafirishwa kwa malori kwa mamia ya kilomita. Mafuta yalipochelewa au mtambo ulipoharibika, mji uliingia gizani. Mwaka 2015 ulipatikana msaada wa karibu pale mtambo wa maji wa Tulila, katika Mto Ruvuma, ulipoanza kazi. Mtambo huo wenye uwezo wa megawati 5 ni mradi wa masista Wabenediktini wa Chipole. Kisha mwaka 2018 ukakamilika msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea, wenye urefu wa takriban kilomita 250, na mkoa ukaunganishwa na gridi ya Taifa. Zama za dizeli zikafikia ukingoni.

Huko vijijini nako mambo yamebadilika. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Hadi kufikia mwaka 2025 Serikali ilikuwa imetangaza kwamba vijiji vya Tanzania Bara, ambavyo idadi yake ni 12,318, vimefikiwa na umeme, na kwamba kazi kubwa iliyobaki ni vitongoji. Aidha, mwaka huohuo mitambo yote 9 ya Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikuwa imekamilika. Kwa maneno mengine, ule udhuru wa zamani wa kwamba nchi haina umeme wa kutosha kuwasha taa ya njiani umepungua sana nguvu.

Lakini ndugu msomaji, waya kupita juu ya barabara si sawa na mwanga kushuka barabarani. Mradi wa umeme wa vijijini hulenga kwanza nyumba, mashine za kusaga, shule, zahanati na nyumba za ibada, na hilo ni sahihi. Taa ya barabarani huwa suala la baadaye, na mara nyingi huachiwa atakayejisikia. Mwenye duka huweka taa yake, mwenye baa yake, na mwenye nyumba kubwa yake. Matokeo yake mwanga huwa mkali pale penye fedha, na giza hubaki pale penye watu wengi waendao kwa miguu.

Namna giza linavyodhuru

Tuanze na barabara. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva akiona kitu mbele yake huhitaji sekunde moja na nusu hivi ili atambue na kukanyaga breki, na katika muda huo gari limekwenda mita 33. Baada ya hapo, hata kwenye lami kavu na kwa breki nzima, litahitaji mita nyingine 35 au zaidi ili lisimame. Jumla yake ni karibu mita 70. Sasa, taa za gari zilizoinamishwa humwonesha dereva mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa umbali wa mita 30 hadi 50 tu. Hesabu haidanganyi: dereva huyo atamwona mtembea kwa miguu wakati hawezi tena kumkwepa. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa sheria yetu katika maeneo ya makazi, gari husimama ndani ya mita 35 hivi. Hapo mtembea kwa miguu hupata nafasi ya kuishi.

Ni dhahiri basi kwamba taa na mwendo ni mapacha. Taa bila kudhibiti mwendo inaweza hata kumpa dereva ujasiri wa kukimbia zaidi. Bodaboda isiyo na taa ya nyuma, na baiskeli isiyo na kiakisi mwanga, ni hatari hata pale penye nguzo za taa.

Jambo la pili ni wanyama wenye sumu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto. Wanaoumwa zaidi ni wakulima na watoto wa vijijini. Kifutu, nyoka mvivu wa kukimbia, hulala njiani na huuma pale anapokanyagwa. Yeyote anayeujua mkoa wetu anafahamu maana ya kutembea usiku pembezoni mwa shamba la mahindi ukiwa na kandambili miguuni.

La tatu ni heshima na usalama wa wanawake. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa vitongoji duni vya Nairobi, ikaeleza jinsi wengi walivyoogopa kwenda chooni usiku kwa sababu vyoo vilikuwa mbali na njia zilikuwa na giza na wahalifu. Nairobi ni mbali na Maposeni, lakini choo kilicho nje ya nyumba, kisima kilicho bondeni na njia ya kichochoroni tunavijua sote. Pale mwanamke anapolazimika kupanga haja zake za mwili kwa kuhofia giza, jamii nzima imepungukiwa.

Mwanga mwingi si usalama mwingi

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhaniwa kwamba tiba ya giza ni taa kali kadiri iwezekanavyo. Jirani zetu wa Kenya waliwahi kuisimamisha milingoti mirefu yenye taa kubwa katika mitaa ya Nairobi, na wananchi wakaibatiza jina la “mulika mwizi”. Mlingoti mmoja humulika eneo pana kwa gharama ya nguzo moja, na kwa uwanja wa soko au kituo cha mabasi ni njia yenye faida. Hata hivyo, mwanga wake hutoka upande mmoja. Nyuma ya kila kibanda hubaki kivuli kizito, na kivuli kilicho jirani na mwanga mkali ni kiza zaidi machoni kuliko giza la kawaida.

Sababu imo katika maumbile ya jicho. Jicho likitoka kwenye mwanga mkali na kuingia gizani huhitaji dakika 20 hadi 30 ili kuzoea kikamilifu. Kwa hiyo anayepita chini ya taa kali kisha akaingia sehemu isiyo na taa huwa kama kipofu kwa muda, na mwenye nia mbaya aliyejibanza pale humwona yeye vizuri sana. Wazee wetu huathirika zaidi. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani yake kiasi cha theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20, na taa inayopiga moja kwa moja usoni humpofusha kwa muda mrefu zaidi.

Wataalamu wa taa hupima mwanga unaoangukia ardhi kwa kipimo kiitwacho luksi. Jua la mchana kweupe hufikia luksi 100,000. Mwezi mpevu hutoa chini ya luksi 1, yaani kama robo yake tu, na bado watu hutembea, huvuna na hucheza ngoma kwenye mbalamwezi. Barabara ya makazi huhitaji wastani wa luksi 3 hadi 10 tu. Siri ya mbalamwezi ni kwamba huenea sawasawa na haipigi machoni. Basi taa nzuri ni ile inayouiga mwezi: mwanga wa wastani, ulioenea, usio na mashimo ya giza kati ya nguzo na nguzo.

Ili kulipata hilo, nguzo ya mita 8 haipaswi kuwa mbali na mwenzake zaidi ya mita 25 hadi 30 hivi. Kifuniko cha taa kielekeze mwanga wote chini, wala kisiruhusu hata mwale mmoja kwenda angani au kwenye dirisha la jirani. Rangi ya mwanga nayo ina maana. Taa nyingi za LED za bei nafuu hutoa mwanga mweupe wenye ubuluu, ambao huumiza macho, huvuruga usingizi na huvuta wadudu wengi. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3,000, yaani ziwe na mwanga wenye umanjano kidogo. Ushauri huo haugharimu chochote: ni suala la kuandika namba sahihi katika hati ya zabuni.

Tafiti zinasemaje?

Ni wajibu wetu kusema ukweli wote, na ukweli ni kwamba tafiti hazisemi kauli moja. Katika jiji la New York mwaka 2016 maeneo ya nyumba za umma yalichaguliwa kwa bahati nasibu, mengine yakapewa minara ya taa za muda na mengine yasipewe. Watafiti walikuta uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku umepungua kwa takriban asilimia 36 katika maeneo yaliyowekewa taa. Mwaka 2008 wanazuoni wawili wa elimu ya uhalifu, David Farrington na Brandon Welsh, walichambua tafiti 13 za Uingereza na Marekani, wakakuta upungufu wa wastani wa asilimia 21.

Upande wa pili upo mji wa Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vichochoro vyake viliongezewa taa kali zaidi. Badala ya kupungua, matukio yaliyoripotiwa katika eneo lililochunguzwa yaliongezeka kwa takriban asilimia 21, na moja ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba mwanga ulifanya mengi yaonekane na kuripotiwa. Nako Uingereza na Wales, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliozihusisha halmashauri 62 haukukuta ushahidi kwamba kupunguza au kuzima taa kwa sehemu ya usiku kuliongeza ajali au uhalifu.

Je, tuseme tafiti zinapingana? Hapana. Katika uchambuzi wa Farrington na Welsh lipo jambo linalofaa kuzingatiwa sana: uhalifu ulipungua hata mchana, wakati taa zimezimwa. Taa haiwezi kumzuia mwizi wa saa sita mchana. Kilichomzuia, kwa maelezo yao, ni kwamba watu walioona mtaa wao umejaliwa walianza nao kuujali, wakatoka nje, wakafahamiana na kuangaliana. Mwanga hufanya kazi kupitia macho ya watu. Pale pasipo mtu wa kuona, taa humsaidia mwizi kuona afanyacho. Pale penye watu, mwanga kidogo tu hutosha kuufanya ujirani kuwa ulinzi.

Kwa hiyo taa na ulinzi shirikishi wa mtaa vinahitajiana. Na kwa hiyo pia taa zitangulie kuwekwa pale watu wanapopita na kukutana, wala zisiwekwe pale ambapo kiongozi angependa zionekane.

Jua au gridi?

Swali linaloulizwa sana katika mikutano ya vijiji ni kama taa ziwe za umeme wa gridi au za jua. Tuliangalie kwa hesabu. Kilomita moja ya barabara huhitaji nguzo kama 40. Taa ya LED ya wati 40 ikiwaka saa 12 hutumia karibu nusu uniti. Nguzo 40 hutumia uniti 19 kwa usiku mmoja, na takriban uniti 7,000 kwa mwaka. Taa za kizamani za sodiamu za wati 150, ambazo pamoja na kifaa chake hufikia wati 170, zingetumia uniti zaidi ya 80 kwa usiku. Zaidi ya hayo, taa za LED zinaweza kupunguzwa nguvu kwa nusu kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati njia imebaki tupu, kisha zikarudi katika nguvu zake waja wanapoamkia Alfajiri. Matumizi yatashuka hadi uniti 15 kwa usiku.

Taa ya jua haina ankara ya kila mwezi, lakini ina deni lililofichika, nalo ni betri. Taa hiyohiyo ya wati 40 huhitaji paneli ya wati 150 hivi. Betri za asidi na risasi huchoka baada ya miaka 3 hadi 5. Zile za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma huweza kukaribia miaka 10, ingawa bei yake ya mwanzo ni kubwa. Kadhalika, Songea ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ambapo mawingu huweza kulifunika jua siku kadhaa mfululizo. Betri isiyoweza kubeba usiku mbili bila jua itazima taa wakati ule ule ambao tope na utelezi vimeizidisha hatari ya njia. Kiangazi kikija, vumbi na masizi ya mashamba yanayochomwa hufunika paneli, na paneli chafu ni nusu paneli.

Gridi nayo ina udhaifu wake. Ndugu zetu wa Zanzibar wanaukumbuka vizuri. Kuanzia Mei hadi Juni 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mmoja bila umeme, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu katika njia moja ya umeme utokao Bara kupitia baharini. Kisiwa ambacho kilikuwa na umeme katika Beit al-Ajaib tangu enzi za Sultani Barghash, aliyelijenga jumba hilo mwaka 1883, kilirudi kwenye kandili na mishumaa. Waya mpya wa baharini ulipatikana mwaka 2013. Funzo ni kwamba asiwe mtu na tegemeo moja. Kwa kijiji kama Maposeni busara ni kuchanganya: barabara kuu itumie gridi, na sehemu ambazo hazipaswi kuzimika hata umeme ukikatika, kama lango la zahanati na kituo cha kuchotea maji, ziwe na taa za jua.

Nani atawasha, nani atatunza?

Barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya na za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Umeme ni wa TANESCO, na kijiji kina Serikali yake na mkutano mkuu wake. Taa moja inaweza kusimama kwenye ardhi ya mmoja, ikanunuliwa na fedha za mwingine, ikatumia umeme wa wa tatu, na ikiungua kila mmoja akamtazama mwenzake. Nchini kote tumeziona nguzo zilizozinduliwa kwa hotuba na vigelegele, kisha baada ya miaka michache zikabaki kuwa mahali pa kubandikia matangazo. Hazikufa kwa kukosa umeme. Zilikufa kwa kukosa mwenyewe.

Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa, mkutano mkuu wa kijiji uandike mambo manne katika muhtasari wake. Kwanza, jina la mamlaka itakayomiliki taa. Pili, fungu la bajeti litakalolipia umeme na vipuri kila mwaka. Tatu, mtu wa kupokea taarifa pale taa inapozimika, na siku ambazo haitazidi kuwa imezimika. Nne, namba iliyoandikwa kwenye kila nguzo, ili hata mtoto aweze kusema nguzo namba fulani haiwaki. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hakuna kaya moja inayoweza kumulika barabara, lakini kaya mia zikichangia kidogokidogo, na halmashauri ikatimiza wajibu wake, barabara itang'aa.

Tukiulizwa tuanzie wapi Maposeni, tutajibu kwamba tuanzie kwa mgonjwa. Hospitali ya Mtakatifu Yosefu ya Peramiho, katika misioni iliyoanzishwa mwaka 1898, hupokea wagonjwa wa dini zote kutoka vijiji vya mbali. Njia zinazoelekea huko ndizo njia za roho za watu. Baada yake zije njia panda na mahali mabasi na bodaboda hushusha abiria, kisha soko, vituo vya maji, njia za shule, na njia za nyumba za ibada, misikiti na makanisa sawasawa. Kabla ya kupanga, wanawake waulizwe. Wao ndio wanaoijua ramani ya hofu ya kijiji: kona gani huipita kwa kukimbia, mti gani huukwepa, saa ngapi huacha kuteka maji. Ramani hiyo haimo katika kompyuta ya mhandisi yeyote.

Haki ya njia na haki ya jirani

Dini yetu haikuiacha njia bila hukumu. Mtume (S.A.W) alifundisha kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni katika matawi ya imani, na kwamba njia ina haki zake, miongoni mwazo ni kujizuia kuwadhuru wapitao. Jiwe lililo katikati ya njia gizani ni udhia, na shimo lisiloonekana ni udhia. Anayeweka taa ili lionekane, au anayelifukia, amefanya sadaka. Isitoshe, Mtume alikataza wanawake kuzuiwa kwenda misikitini usiku. Ruhusa bila njia salama ni ruhusa ya mdomoni tu. Jamaa wa msikiti wanaojadili zulia jipya wangefanya vyema kujiuliza kwanza kama mama zao wanaweza kufika Isha na kurudi bila hofu.

Lakini dini hiyohiyo imekemea ufujaji. Taa zinazowaka mchana kutwa kwa sababu swichi imeharibika ni mali ya umma inayomwagwa. Vilevile ipo haki ya jirani. Tunawaona watu wakifunga taa kali juu ya ukuta, zikielekezwa nje, kwa jina la ulinzi. Nyumba yao inalala salama, huku mtoto wa jirani akikosa usingizi na mpita njia akitembea huku amefumba macho. Taa ya namna hiyo iinamishwe itazame chini, ndani ya mpaka wa mwenyewe. Ni kazi ya dakika tano na bisibisi.

Wala tusiitamani ile hali ya miji mikubwa ambako vijana hukua bila kuziona nyota. Kwa nyota Waislamu walijua kibla wakiwa safarini, na kwa mwezi mwandamo tunajua Ramadhani na Idi. Taa iliyofunikwa vizuri humwachia mwanadamu barabara yake na humwachia pia mbingu yake. Maposeni bado inazo zote mbili, na haina sababu ya kuipoteza moja ili kuipata nyingine.

Ndugu zetu, miradi ya barabara na umeme itazidi kufika kusini mwa nchi yetu. Siku moja mkandarasi atasimama mbele ya kijiji na orodha ya nguzo, na watu watatakiwa kusema ndiyo. Tunawaomba wasiseme ndiyo upesi. Waulize: mwanga utaanguka wapi, utapiga macho ya nani, betri itabadilishwa na nani mwaka wa tano, na mama mjamzito atakayetoka kitongoji cha mwisho saa nane za usiku atafika hospitali akiona anapokanyaga? Majibu ya maswali hayo yakipatikana kabla ya saruji kumwagwa, taa zitadumu. Yakisubiri baadaye, zitabaki nguzo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azinusuru njia zetu na wapitao, na awape wenye mamlaka juu yetu uadilifu katika amana waliyobebeshwa. Amin.